Deni la mmoja, nyumba ya wawili

Mpangaji wa Dar es Salaam hahami kwa mshahara wa mwezi mmoja. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na wengine ya mwaka mzima, kabla hajatoa ufunguo. Dalali naye anadai chake, ambacho kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja. Ongeza gari la kubebea vyombo, vijana wa kupakia na kushusha, kitasa kipya, luku ya kuanzia, na rangi ambayo mpangaji aliyetoka hakuipaka. Kwa nyumba ya vyumba viwili na sebule, ya Sh250,000 kwa mwezi, fungu lote linakaribia Sh2 milioni. Wanandoa wengi vijana hawana fungu hilo mkononi, kwa hiyo wanakubaliana kulidunduliza pamoja: huyu anaweka kiasi fulani, yule kiasi fulani, kila mwisho wa mwezi, mpaka litimie. Uamuzi huo ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi unapitishwa bila jambo moja kutajwa mezani: mmoja wao, au wote wawili, ameingia kwenye mpango huo akiwa na madeni.

Hoja ya makala haya ni kwamba deni ghali la mmoja linapaswa kuandikwa kwenye daftari lilelile la akiba ya nyumba, na lilipwe kwanza, kwa fedha za wote wawili, kabla fungu la kuhamia halijaanza kunenepa. Najua hoja hii inaudhi pande zote. Asiye na deni atauliza kwa nini alipie starehe au makosa ya mwenzake. Mwenye deni ataona aibu yake imeanikwa. Wazazi watasema mambo ya fedha za mtu hayaulizwi. Kila mmoja ana sababu za kusikilizwa, na nitazijibu, lakini kwanza tutazame madeni yenyewe yalivyo, kwa sababu watu wengi hubishana kuhusu heshima na uaminifu ilhali jambo lililo mbele yao ni hesabu.

Kijana wa miaka 30 anayeanza maisha mjini leo anaweza kuwa na madeni manne bila kuwa mlevi wala mpenda anasa. Kuna mkopo wa elimu ya juu, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla mshahara haujamfikia. Kuna mkopo wa benki unaodhaminiwa na mshahara, aliouchukua wakati wa harusi pale michango ilipopungua kuliko kamati ilivyotarajia. Kuna mkopo wa VICOBA au SACCOS uliokwenda kwenye matibabu ya mzazi. Na kuna midogomidogo ya simu, Songesha, Nivushe, Timiza, inayochukuliwa tarehe 20 na kulipwa tarehe 30, kisha ikachukuliwa tena. Utafiti wa FinScope wa 2023 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha. Hayo ni maendeleo, ila mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kuweka ni huohuo wa kukopa, na kwa wengi wetu upande wa kukopa ndio unaopitwa zaidi.

Bei za madeni hayo hazifanani hata kidogo, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mkopo wa benki kwa mfanyakazi hutozwa riba ya kama asilimia 13 hadi 17 kwa mwaka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwagawa watoa huduma hao katika madaraja manne, na wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Nje ya madaraja hayo wapo wanaoitwa mtaani kausha damu, ambao asilimia 20 au 30 kwa mwezi kwao ni jambo la kawaida, na dhamana yao ni kadi ya benki ya mkopaji, televisheni, au jokofu la mkewe. Wapo pia waliohamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini, baada ya malalamiko mengi ya watu kudhalilishwa kwa ujumbe uliotumwa kwa ndugu na wafanyakazi wenzao. Kwa hiyo mtu akisema “nina deni la milioni moja”, bado hajasema kitu. Milioni moja ya nani, na kwa riba gani?

Tuchukue mfano wa kubuni ambao kila msomaji anaweza kuukagua. Mume anadaiwa Sh1 milioni kwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Yeye na mkewe wana Sh1 milioni kwenye akaunti ya pamoja, akiba ya kuhamia. Akaunti ya kawaida ya akiba benki hulipa riba ya karibu asilimia 3 kwa mwaka, kwa hiyo fedha yao inaingiza Sh2,500 kwa mwezi. Wakiwa wajanja wakaiweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao miaka ya karibuni faida yake imekuwa kama asilimia 12 kwa mwaka, inaingiza kiasi cha Sh10,000. Katika mwezi huohuo deni la mume linatoa Sh35,000 nje ya nyumba. Wakienda hivyo mwaka mzima watakuwa wamepoteza kati ya Sh300,000 na Sh390,000, yaani zaidi ya kodi ya mwezi mmoja ya nyumba wanayoitamani, ili waweze tu kujiambia kwamba wana akiba. Deni likiwa la kausha damu kwa asilimia 20, hasara ya mwezi mmoja tu inakaribia Sh200,000.

Sasa tuupe mfano huo safari nzima. Wanandoa hawa wanaanza bila akiba, wana deni la Sh1 milioni, na baada ya matumizi yote wanabakiwa na Sh300,000 kila mwezi. Lengo lao ni Sh2 milioni za kuhamia. Njia ya kwanza ni kuweka akiba kwanza, huku mkopeshaji akikubali kupokea riba tu. Watafikisha lengo mwezi wa nane na kuhama, kisha watalimaliza deni mwezi wa 12, wakiwa wamelipa jumla ya karibu Sh345,000 za riba. Njia ya pili ni kulipa deni kwanza. Litaisha mwezi wa nne, riba yote ikiwa karibu Sh83,000, na fungu la kuhamia litatimia mwezi wa 11. Tofauti ni Sh262,000. Msomaji makini ataona kwamba njia ya kwanza inawahamisha miezi mitatu mapema, na hilo si jambo la kubezwa. Lakini aone pia hali wanayohamia nayo: wanaingia nyumba ya kodi kubwa zaidi wakiwa na deni ambalo halijapungua zaidi ya Sh120,000, na ndani ya miezi sita mwenye nyumba atabisha hodi kudai kodi ya nusu mwaka mwingine. Hapo ndipo wengi hukimbilia mkopo mpya. Atakayehama mwezi wa 11 anaanza kudunduliza kodi hiyo ijayo bila kudaiwa na mtu.

Hesabu hii ina mtego mmoja ambao lazima utajwe, kwani umewaumiza watu waliofuata ushauri wa “lipa mapema” bila kuuliza. Wakopeshaji wengi hawakokotoi riba kwa salio linalopungua. Wanaikokotoa kwa kiasi kilichokopwa siku ya kwanza, kisha wanakigawa pamoja na riba yake kwa miezi ya mkataba. Mkopo wa Sh1.2 milioni kwa miezi 12, kwa asilimia 2 kwa mwezi ya namna hiyo, unarejeshwa kwa Sh124,000 kila mwezi. Inasikika nafuu, lakini kwa kuwa unalipia riba hata fedha uliyokwisha kuirudisha, bei yake halisi ni sawa na asilimia 3.5 kwa mwezi kwa salio. Tena baya zaidi, kwenye mikataba mingine ukimaliza mapema hupunguziwi kitu, kwa hiyo haraka yako inamnufaisha mkopeshaji peke yake. Kabla ya kupeleka shilingi moja ya ziada, mkopaji aulize mambo mawili na apewe majibu kwa maandishi: nikimaliza leo nalipa kiasi gani, na nikiendelea hadi mwisho nitalipa jumla gani. Tofauti ikiwa kubwa, alipe leo. Isipokuwepo, deni hilo liende kwa ratiba yake na fedha ielekezwe kwenye akiba.

Kwa sababu hiyo sisemi madeni yote yamalizwe kabla ya kuweka akiba. Anayesubiri kutodaiwa kabisa atapanga chumba kimoja hadi wanawe waoe. Madeni yapangwe kwa bei yake, ghali kwanza. Mkopo wa elimu ya juu, tangu tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilipoondolewa mwaka 2021, hauna sababu ya kukimbizwa. Unakatwa wenyewe, acha uendelee. Mkopo wa benki wa asilimia 14 kwa mwaka uko karibu na faida ya mifuko ya uwekezaji, kwa hiyo unaweza kutembea sambamba na akiba bila hasara ya kutisha. Mkopo wa VICOBA una tabia yake: sehemu ya riba unayolipa inakurudia wakati wa mgao, na hisa zako haziguswi mpaka kikundi kivunje mwaka, hivyo kuulipa kabla ya muda hakukupi uhuru mkubwa, ila kuuchelewesha kunawaumiza wanakikundi na wadhamini wako. Yanayobaki ni ya simu, ya wakopeshaji wa mtaani na ya kausha damu. Hayo hayafai kulala usiku mmoja karibu na akaunti ya akiba yenye fedha.

Na deni la ndugu? Halina riba, kwa hiyo kihesabu lingekaa mwisho kabisa. Watu wanajua kwamba maisha hayaendi hivyo. Shemeji aliyekukopesha Sh400,000 akiona picha za sebule mpya kabla hajarudishiwa hata elfu 50, hasara itakayopatikana haiandikiki kwenye daftari, na siku ya msiba au ugonjwa utaihisi. Deni la namna hii halihitaji kumalizwa haraka. Linahitaji kauli na ratiba: kiasi kidogo kila mwezi, kilichosemwa waziwazi, kinacholipwa bila kukumbushwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa ndugu matanga hayo huanza pale mdaiwa anapoacha kupokea simu.

Kuna hali moja ambayo hoja yangu inageuka, nayo ni ya wale wanaohamia kwao wenyewe. Nchini kwetu watu wengi hawanunui nyumba iliyokamilika. Mkopo wa nyumba bado ni wa wachache, japokuwa taasisi ya kuziwezesha benki kutoa mikopo hiyo, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010. Wengi wananunua kiwanja, wanajenga msingi, wanasubiri, wanapandisha ukuta, wanasubiri tena, kisha wanahamia kabla dari na vigae havijawekwa. Sasa tuseme wanandoa wanalipa kodi ya Sh150,000 kwa mwezi na nyumba yao imebakiza Sh800,000 za milango na madirisha ili ilalike. Kila mwezi watakaoukaa kwao utawaokolea Sh150,000, sawa na karibu asilimia 19 ya fedha watakayoitumia. Hakuna deni halali la asilimia 3.5 linaloshindana na hiyo. Wamalizie madirisha, wahamie, kisha kodi waliyokuwa wakimpa mwenye nyumba iende yote kwenye deni. Kanuni haijabadilika: fedha ipelekwe pale inapozuia upotevu mkubwa zaidi. Kinachobadilika ni mahali upotevu ulipo.

Hoja hii isichanganywe na nyingine inayofanana nayo, ya kwamba “viwanja vinapanda, ukichelewa utajuta”. Ni kweli vimepanda, hasa kandokando ya miji kila barabara ya lami inapofika. Dar es Salaam pekee ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na wote wanatafuta pa kulala. Lakini deni la asilimia 3.5 kwa mwezi likiachwa lijizalie riba kwa mwaka mzima linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Kiwanja kinachopanda kwa kasi hiyo mwaka baada ya mwaka ni nadra, na anayekuahidi kuwa anacho, aghalabu ndiye anayekuuzia.

Turudi kwa mwenzi asiye na deni, kwani malalamiko yake ndiyo mazito. Anauliza: deni lilikuwepo kabla hatujajuana, au limekopwa bila mimi kushauriwa, kwa haki gani lilipwe kwa jasho langu? Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa msimamo. Kifungu cha 58 kinasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mtu. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa wanayo kwa hisa sawa. Na kifungu cha 114, kinachohusu mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika, kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni ambayo mmoja wao aliyakopa kwa manufaa ya wote wawili. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wanasheria husoma vifungu hivi wakati wa kutengana. Wanandoa wangefaidika kuvisoma wakiwa bado wanapendana.

Tofauti iliyo kwenye kifungu cha 114 ndiyo ninayopendekeza iingie kwenye daftari la nyumba. Deni lililokopwa kwa manufaa ya wote, kama la harusi, la kujifungua, la kitanda na jiko, ni la wote hata kama mkataba una jina moja, na ni unafiki kumwachia aliyetia saini. Deni la mtu binafsi, kama la simu ya kifahari, la kubashiri mechi, au la biashara iliyokufa kabla ya ndoa, linabaki lake. Lakini nalo likiwa ghali lilipwe kwanza kutoka kwenye fungu la pamoja, kisha liandikwe kama fedha ambazo fungu linamdai mwenye nalo, azirudishe kidogokidogo bila riba. Kwa njia hii asiye na deni habebi mzigo wa mwenzake. Anamkopesha kwa muda, kwa sababu kumwacha akopeshwe na mtaa kunaigharimu nyumba nzima. Akikataa kwa kusema “deni lako ni lako”, riba haitamsikiliza: fedha iliyokwenda kwa mkopeshaji ndiyo ambayo ingenunua unga, ingelipa ada, na ingetimiza fungu la kodi. Kisheria deni ni la mmoja, lakini upungufu wa fedha unaliwa mezani na wote.

Maandishi haya si lazima yawe ya wakili. Daftari la kawaida lenye safu nne linatosha: tarehe, nani ameweka, kiasi gani, kimekwenda wapi. Akaunti iwe ya majina mawili na kutoa fedha kuhitaji saini za wote. Mkataba wa pango nao, kwa nini uwe wa jina moja ilhali kodi imetoka kwenye mifuko miwili? Wengi huona haya kudai jina lao liandikwe, wakihofia kuonekana hawamwamini mwenzao. Haya hiyo huisha siku mwenye nyumba anaporudisha kodi iliyobaki, au ndugu wa marehemu wanapokuja kuuliza vyombo ni vya nani.

Pingamizi linalofuata linatoka kwa wanawake wengi, na ni la haki. Kwa vizazi kadhaa akiba ya siri, iwe kibubu chini ya kitanda au hisa za VICOBA ambazo mume hazijui, imekuwa kinga ya mke dhidi ya mume mfujaji, mkali, au mwenye nyumba ya pili. Tukisema kila kitu kiwekwe mezani tunaivunja kinga hiyo. Jibu langu ni kwamba kufichua deni na kufichua kila shilingi ni mambo mawili tofauti. Mpango wa kuhama unahitaji kujua kinachovuja kwenye fungu la pamoja, na madeni ndiyo yanayovuja. Hauhitaji kujua mke ana hisa ngapi kwenye kikundi chake. Na penye kipigo au vitisho, ushauri huu usifuatwe kabisa. Mtu aliye katika hali hiyo anahitaji kwanza usalama wake na fedha zake mwenyewe, na kuhama kwake huenda kukawa kwa kwenda peke yake.

Wapo pia wanaosema nidhamu ya kuweka akiba ni ngumu kujengwa, kwa hiyo ukiisimamisha miezi minne ulipe deni, hutairudia. Nakubali nusu yake. Binadamu hulishwa na kuona kitu kinakua, na deni linalopungua halina mvuto wa akiba inayoongezeka. Kuna sababu nyingine nzito zaidi ya kutoimaliza akiba yote kwenye deni: mtoto anaweza kuugua kesho, na nyumba isiyo na hata Sh200,000 itarudi kwenye mkopo wa simu usiku uleule. Kwa hiyo wabakize kinga, kiasi cha matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, kisiguswe kwa kodi wala kwa deni. Kilichozidi hapo kiende kwenye deni ghali, kwa tarehe ileile na kiasi kilekile ambacho kingekwenda kwenye akiba. Deni likiisha, hakuna tabia mpya ya kujifunza. Fedha inabadilisha njia tu, na mwezi wa tano inaingia kwenye fungu la nyumba kama ilivyozoea kutoka.

Hofu ya mwisho ndiyo ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: nikimlipia, atakopa tena. Inatokea, na hakuna hesabu inayomzuia mtu asiyetaka kubadilika. Ndiyo maana fungu la pamoja lilipe kwa masharti. Huduma ya mkopo wa simu ifungwe mara deni linapomalizwa. Kadi ya benki iliyoshikiliwa kama dhamana irudi mikononi mwa mwenyewe kabla ya shilingi ya mwisho kutoka, na risiti ya kumaliza deni ihifadhiwe. Kuanzia hapo kusiwe na mkopo mpya, wala kumdhamini mtu, bila mwenzi kujua. Sharti hilo likivunjwa mara moja, mpango wa kuhama usimame na kila mtu ashike fedha zake mpaka wakae wazungumze. Mwenzi anayelipa bila masharti anajidanganya kwamba ameonyesha upendo. Aliyelipiwa kwa masharti aliyoyakubali ana sababu ya kuyaheshimu, maana naye ana jina lake kwenye mkataba wa nyumba ijayo.

Mtu anaweza kusema nimewatwisha wanandoa kosa la soko. Kuna ukweli. Sheria ya Udhibiti wa Pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo suala la kodi ya miezi mingi kwa mkupuo limebaki kuwa mapatano kati ya mwenye shida na mwenye funguo. Nairobi, ambako kodi pia ni kubwa, mpangaji wa kawaida huweka amana kisha hulipa mwezi kwa mwezi, na wenye nyumba hawajafilisika. Tungekuwa na utaratibu wa namna hiyo, familia nyingi zisingehitaji fungu la milioni mbili ili zihame mtaa. Bunge lina la kufanya hapa, na Benki Kuu iliyozitangaza programu 69 inapaswa kuwafuata kwa bidii ileile wakopeshaji wasio na leseni walio kwenye vibanda vya mitaani. Lakini mwenye nyumba atabisha hodi kabla ya Bunge kukaa, na wapangaji wana nguvu moja ambayo hawaitumii: kumwomba apokee kodi ya miezi mitatu. Wapo wanaokubali, hasa nyumba ikikaa tupu kwa muda. Kwa mfano wetu, ombi hilo linapunguza fungu kwa Sh750,000, yaani miezi miwili na nusu ya kudunduliza, nafuu kubwa kuliko faida ya akaunti yoyote ya benki.

Kwa hiyo mazungumzo ya kuhama yaanze na madeni, kabla ya kutajwa mtaa, idadi ya vyumba au rangi ya mapazia. Kila mmoja aandike anadaiwa na nani, kiasi gani, kwa riba gani na mpaka lini. Orodha hiyo itawaambia mambo ambayo dalali hawezi kuwaambia: wahame mwezi gani, nyumba ya kodi gani, na kama kweli wanaweza kuilipia mara ya pili. Wanaoshindwa kuonyeshana orodha hiyo leo wasiharakie kutia saini ya kodi ya miezi sita, kwa sababu mwenye nyumba mpya atakuwa mdai mwingine tu aliyeongezwa kwenye orodha ambayo bado hawajaisoma pamoja.